Nani Kapunguza Sufu ya Kondoo

Paukwa!

Pakawa!

Wewe wa mlangoni sogea ndani, upepo unaingia. Hapo zamani za kale, juu mlimani kwenye ukungu, Kondoo alizaa mtoto mwenye upara. Hana sufu mgongoni, hana sufu shingoni. Asubuhi anatetemeka, tete-tete-tete. Jioni anatetemeka, tete-tete-tete. Na kipupwe kilikuwa njiani. Kondoo alijua kipupwe kikimkuta mtoto vile, hakitamwacha.

Basi akahamia mgeni, bibi mmoja mzee, Nungunungu. Akamwona mtoto, akamwambia mama yake kwamba sufu inaweza kuwa nguo, naye yuko tayari kumfundisha. Sindano anazo mgongoni.

Kondoo akampa mgongo. Hata shikamoo hakumpa. Alikwenda kwa jirani yake Mbuzi, na Mbuzi akamtia maneno. Mgeni mwenyewe hana sufu hata ya kuzibia sikio, ya wenzake anaitakia nini?

"Shoga, nywele zako hazipewi mtu usiyejua alikotoka," alisema Mbuzi. "Leo anakuomba sufu. Kesho amekuroga, utajikuta unacheza ngoma porini peke yako, na hujui nani anapiga."

Kondoo akawaza. Mtoto akakohoa. Akawaza tena. Mwisho akaenda kwa Nungunungu, akasimama mbali na miiba yake, akatoa sharti: kila kazi ataifanya yeye mwenyewe, na hata unywele mmoja hautatoka machoni pake.

"Haya," alisema Nungunungu. "Macho ni yako."

Kondoo akajisugua kwenye ua wa michongoma, kwaru, kwaru. Sufu ikajaa kikapu, pomoni, kikamvuta shingo hadi mtoni. Akaifua, jicho moja kwenye maji, jicho moja kwa Nungunungu. Akaianika. Ilipokauka akakinyanyua kikapu. Chepesi! Kama kimebeba kiota kitupu. Kondoo akaliweka hilo moyoni.

Wakasokota. Kijiti kikazunguka, zii, zii, zii. Uzi wa Kondoo ulikuwa mnene huku, mwembamba kule, ukakatika mara saba. Nungunungu akacheka, akasema wake wa kwanza ulikuwa mbaya zaidi. Kikapu kizima kikawa donge moja tu, kama kichwa cha sungura. Kondoo akaliweka na hilo moyoni.

Wakachemsha magome ya kutia uzi rangi. Maji yakawa mekundu kama damu. Kondoo akarudi nyuma hatua tatu, akataka mgeni atangulize mkono wake. Nungunungu akangoja yapoe, akautumbukiza, akautoa mwekundu na mzima. Ndipo uzi ukaingia chunguni.

Kisha Nungunungu akang'oa miiba miwili mgongoni, akampa. Ingiza, zungusha, vuta. Ingiza, zungusha, vuta. Nguo ikapanda tumboni, ikapanda mabegani. Ikakaribia shingo, uzi ukaisha.

Yaliyokuwa moyoni yakatoka.

"Kikapu kilijaa," alisema Kondoo. "Sufu nyingine umeificha wapi?"

"Mwanangu, si ulikuwa unanitazama siku zote? Uliniona nikichukua?"

"Sikukuona. Ndiyo maana nasema wewe ni mwizi hodari."

Nungunungu akajitwika chungu chake, akavuka mto, akaenda.

Kipupwe kikaingia. Kondoo akamvika mtoto ile nguo isiyo na shingo. Mtoto akajikuna, uzi ukavutika, mstari mmoja ukafumuka. Akageuka, wa pili ukafumuka. Kondoo hakujua kufunga vitanzi vya mwisho. Hilo lilikuwa bado hajafundishwa.

Akarudi kwenye michongoma, kwaru, kwaru. Akajaza kikapu. Akaenda mtoni peke yake, hata Mbuzi hakumwambia. Akafua, akaanika, akakinyanyua kikapu. Chepesi!

Akatazama nyuma. Hakuna mtu. Akatazama mtoni. Kwenye mawe kulikuwa na tope, na mafuta, na mbegu za nyasi, vyote vimetoka kwenye sufu yake. Kumbe mwizi alikuwa akimbeba mwenyewe mgongoni. Akasokota. Donge likawa kama kichwa cha sungura.

Mbuzi aliposikia akasema labda mchawi yule anaiba akiwa mbali. Kondoo akamtazama Mbuzi, akamtazama sana. Kisha akatia uzi rangi, akambeba mtoto, akavuka mto.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Nimeifua mwenyewe, peke yangu. Imepungua."

Nungunungu akaupapasa ule uzi. Mtoto alitetemeka, tete-tete-tete.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Shingo nitaifuma nguo ikiwa mwilini. Wewe geuka, utazame mlima."

Mwiba mkali, na koo la mtoto! Shingo ya Kondoo ilimwasha. Lakini akageuka. Akatazama mlima. Nyuma yake, ingiza, zungusha, vuta. Mtoto akalia kidogo. Kondoo hakugeuka. Ingiza, zungusha, vuta. Kisha kukawa kimya. Hata tete-tete-tete haikusikika. Kondoo akakaza macho mlimani, na bado hakugeuka.

"Haya, mama. Tazama."

Mtoto alikuwa amelala, nguo nyekundu imemfika kidevuni, joto tamu limemwingia.

Wadogo kwa wakubwa, shikeni hili: ukipungukiwa, chunguza kwanza chako kabla hujamwita jirani mwizi. Shuku isiyochunguzwa humfukuza anayekufaa, na baridi hubaki na mwanao.

Hadithi yangu inaishia hapo, na kitanzi cha mwisho nimekifunga.