Sinia la Bi Sherbanu

Sogeeni, na mwenye neno alitunze hadi mwisho.

Bi Sherbanu wa Mombasa alijaliwa watoto watatu, wote wakahamia ng'ambo. Zahabiya wa Chicago hachoki kutafuta kitu. Murtaza wa New York, dereva wa teksi, ana moyo mwema na kichwa cha kusahau. Tasnimu wa Toronto, kifungua mimba, akisema hapana, ni hapana.

Mumewe alipofariki, Bi Sherbanu alikaa eda, akasali, akamshukuru Mungu. Jambo moja lilimshinda: kula kwenye sinia. Mabohora, Waislamu wa asili ya Kihindi kama yeye, hulizunguka sinia moja na kuanza kwa kuonja chumvi, na miaka yote aliyempitishia chumvi ni mumewe. Sasa alikula kwa bakuli, amesimama jikoni. Watoto wakamwita achague pa kuishi. Akaja na sinia, amelifunga ndani ya kanzu ya marehemu.

Alianzia Chicago. Katika Barabara ya Devon maduka ya Wahindi na Wapakistani yamebanana, sari huku, nyama halali kule. Zahabiya aliingia na kutoka kutwa nzima, hadi akapata muhogo.

"Umegandishwa, Mama, lakini ni muhogo."

Bi Sherbanu akapika kwa mara ya kwanza tangu msiba. Harufu ya tui ikamrudishia njaa. Akala, lakini kwa bakuli, amesimama.

Akaenda New York, mtaa wa Jackson Heights, ambako treni hupita juu ya vichwa vya wauza mboga. Murtaza akasahau, akaondoka na funguo. Mama alipotoka kutupa taka, mlango ukajifunga nyuma yake. Jirani, Bi Rehnuma, mjane wa Kibangladeshi, akamkaribisha ndani, wakazungumza Kihindi cha sinema. Murtaza alirudi ametota jasho, akamkuta mama yake anacheka.

"Mwanangu," akasema, "kesho sahau tena."

Mwisho Toronto. Mtaa wa Gerrard ulimshangaza: mabango ya Kihindi yapo, lakini wenyewe wengi wamehamia pembezoni, huja Jumapili kula na kuondoka.

"Kwa hiyo huja kuzuru ya zamani tu?"

"Kama wewe na sinia lako: umelibeba, lakini unakula kwa bakuli," Tasnimu akajibu.

Siku ya hitima ya mwaka wakakusanyika kwa Tasnimu. Zahabiya akaleta muhogo wa nazi. Murtaza akamleta Bi Rehnuma. Tasnimu akaweka sinia katikati. Mama akaelekea jikoni. Hakukuta bakuli hata moja.

"Umeyaweka wapi?"

"Nimeyafungia garini."

"Huna huruma, wewe!"

"Sina, Mama. Kaa."

Muhogo ulikuwa unanukia. Bi Rehnuma akaita, "Dada, magoti yangu yanalia. Kaa basi tule!"

Bi Sherbanu akacheka huku machozi yakimtoka, akakaa. Akasema Bismillahi, akaonja chumvi, akaipitisha yeye mwenyewe.

Baada ya dua akasema, "Sinia halikatwi vipande, wala mimi. Nitaishi na aliyenirudisha kwenye sinia hili."

"Bila njaa ungekaa?" Zahabiya akauliza.

"Na bila Bi Rehnuma?" akasema Murtaza.

"Wewe ulisahau funguo tu!" Zahabiya akamrukia.

"Mungu humtumia hata msahaulifu."

Tasnimu alitoka kwenda garini, akayarudisha mabakuli jikoni.

Haya, nanyi mliosikia: aliyetafuta, aliyesahau, au aliyekataa? Sinia liende wapi, na mama yao pamoja nalo?