Kompyuta Iliyosubiri Jina

Jumanne, tarehe nne Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, kompyuta ya kumbukumbu ya hospitali ya misheni ilizimika na haikuwaka tena. Ndani yake mlikuwa na majina na dozi za wagonjwa mia sita wa kifua kikuu. Aliyeitengeneza, fundi Asegelile, alikuwa amezikwa siku arobaini kabla.

Mafundi watatu walibaki. Lusajo alikuwa na sikio: alijua mashine inalalamikia nini. Atupele alikuwa na mkono: alichogusa kilifunguka. Ambokile alikuwa na mguu: alijua njia ya kila waya, wodi hadi wodi. Na desturi ya pale ilikuwa hii: anayeinua kompyuta iliyokufa ndiye anayeipa jina lake mwenyewe. Kibandiko cha jina na kalamu vilitunzwa na Mama Tunsume, muuguzi, mjane wa Asegelile.

"Diski ni nzima," Lusajo alisema. "Tuihamishie kwenye ile mashine kubwa inayobeba kompyuta nyingine ndani yake."

"Mwisho saa nane, dawa zinapogawiwa," daktari mfawidhi akajibu. "Ikishindikana tunaanza madaftari mapya, na kazi ya marehemu tunaiweka kando."

Mama Tunsume alisikia kama udongo unatupwa kaburini mara ya pili.

Walihamisha. Kioo kikabaki cheusi. Asegelile hakupenda mzigo wa bure. Kiini cha mfumo, programu inayoamsha kompyuta na kutambua vifaa vyake, alikipunguza mwenyewe, akafuta kila chaguo la kifaa ambalo kompyuta yake ya chuma haikulihitaji. Sasa chuma hakipo. Ni kompyuta pepe, isiyo na mwili wake, ndani ya nyingine, na kiini hakikutambua chochote humo.

Mama Tunsume akaenda nyumbani, akarudi na daftari lililokuwa limelala juu ya Biblia ya mumewe. Kila chaguo alilofuta, marehemu alikuwa ameliandika humo.

Lusajo akarudisha chaguo la kutoa maneno kwenye kioo cha kompyuta pepe. Maneno yakatoka: diski haionekani.

"Angalau sasa inalalamika," akasema.

Atupele akarudisha chaguo la diski pepe. Mara ya kwanza aliliweka kama kipande cha kupakiwa baadaye, na kipande chenyewe kikakaa ndani ya diski ileile inayotakiwa kufunguliwa.

"Dada Atu, umefungia ufunguo ndani ya nyumba," Ambokile akamcheka.

"Cheka tu, zamu yako inakuja."

Akaliingiza ndani ya kiini chenyewe. Diski ikafunguka.

Ambokile akarudisha chaguo la mtandao pepe, maana majina yalikuwa hai lakini hayana njia ya kufika wodini. Saa saba na dakika hamsini wodi ya tatu wakapiga simu.

"Tunayaona. Yote mia sita."

Wauguzi wakaanza wimbo wa shukrani, ukashika korido nzima. Mama Tunsume akapiga magoti palepale, kati ya nyaya.

"Bila mimi mngepapasa gizani," Lusajo akasema.

"Na bila mimi mngesoma malalamiko mpaka kesho," Atupele akasema.

"Mimi ndiye niliyeyafikisha kwa wagonjwa," Ambokile akasema.

Mama Tunsume akainua daftari. "Na huyu?"

"Mama, si ndiye aliyefuta yote?" Ambokile akauliza.

"Ndiye aliyeandika alichofuta, mwanangu."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Mama Tunsume, kibandiko hakina neno.

Nawe uliyesikiliza hadi hapa, je, ungeandika jina la nani?

Mungu ampumzishe Asegelile mahali pema, na taa yake aitunze isizimike. Amina.