Kikao Kilichomsahau Mwenye Kitanda

Wanaume wa kanisa hili, leo ni zamu yenu. Akina mama msitoke, nitawahitaji.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kuezeka mabati. Alikutwa na saratani ya tezi dume. Daktari akamweleza bila kumficha: ugonjwa bado haujatoka kwenye tezi, ila si wa kuachwa hivi hivi. Kuna operesheni na kuna mionzi. Operesheni inaweza kumwacha akivuja mkojo, na nguvu za kiume zikapungua au zisirudi. Mionzi nayo inaweza kuzipunguza polepole, tena tumbo likawa la kumkimbiza chooni.

"Nenda kafikirie," daktari akasema, "ila usikae sana."

Mnadhani alikwenda kufikiri? Aliitisha kikao cha wanaume wa ukoo! Kaka zake wakajaa sebuleni.

"Hukatwi wala huchomwi," akasema kaka mkubwa. "Nguvu zikiisha, mkeo atakukimbia. Tutakutafutia mizizi."

Wote wakaunga mkono, na fundi akainamisha kichwa. Hebu waoneni! Watu wazima wanapanga ndugu yao afe, kwa jina la mwanamke aliyeko jikoni akiwachemshia chai.

Mke wa fundi akaingia na sinia la chai. Hakumimina. Aliliweka chini, akavuta kiti, akaketi katikati yao.

"Shemeji zangu, hizo nguvu mnazozilinda, nani amewatuma? Mimi? Mmeniuliza lini?"

"Shemeji, haya ni mazungumzo ya wanaume."

"Kitanda ni chetu, mimi na yeye. Nyinyi hamlali humo!" Akamgeukia mumewe. "Baba watoto, mimi nakutaka ukiwa hai. Sasa sema mwenyewe, lipi unaweza kuishi nalo?"

Tangu augue, hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Fundi akafikiri, kisha akajibu: "Mkojo nitauvalia pedi. Kule juu ya paa nani atanichungulia? Lakini tumbo likinikimbiza, ngazi nitaishuka mara ngapi? Nakwenda kukatwa."

Akakatwa. Alivuja miezi kadhaa, akavaa pedi zake, akaezeka. Na nguvu? Hayo ni ya chumbani kwao, na wewe unayenyoosha shingo huko nyuma, sikuambii!

Sasa tuje kwetu. Sisi tunaogopa, halafu tunawasingizia wake zetu. Nani hapa amewahi kumuuliza mkewe? Sisemi wote tukakatwe. Mwingine atachagua mionzi, mwingine daktari atamwambia tungoje huku tukiuchunguza. Muulize daktari kila dawa itakuachia nini, kaa na mkeo, pimeni maisha yenu, si maneno ya sebuleni. Ila kifo kisiitwe uanaume mbele yangu. Nakataa!

Nami nawaambia mapema: siku nikikutwa na ugonjwa huu, ikibidi nivuje, nitavuja, na nitasimama hapa hapa nihubiri. Anayetaka kucheka acheke, mradi awe ameshakwenda kupima.