Mama Ngiri, Beki wa Bondeni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa uwanja, pakawa na mpira. Mlio nyuma sogeeni, ngano haina kiingilio."

Hapo zamani, zamani sana, kiangazi kilikuja kikakataa kuondoka. Mito ikakauka, visima vikakauka, kikabaki kidimbwi kimoja tu kati ya Bondeni na Mlimani. Aliyetangulia kunywa alikunywa maji. Aliyefuata alikunywa tope.

Wanyama wa Mlimani wakasema, "Tutangulie sisi." Wa Bondeni wakasema, "Tutangulie sisi." Badala ya kupigana, wakakubaliana kucheza mpira mara tatu. Watakaoshinda mara mbili ndio watakaotangulia kunywa mpaka mvua zirudi.

Korongo akawa refa. Akatangaza sheria: "Mikono ni ya mlinda mlango peke yake. Hakuna kuwapita mabeki mapema ukamvizia mlinda mlango. Na hakuna kumwita mchezaji wa upande wa pili kwa sauti ya uongo. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Upande wa Bondeni, Swala alipangwa mbele kufunga. Nyani akakaa langoni. Na beki akawa Mama Ngiri. Mnamjua ngiri nyinyi? Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, matako ndani, uso nje, ili kila kijacho akione. Basi hivyo hivyo ndivyo alivyosimama mbele ya lango.

Mama Ngiri alikuwa na watoto watatu. Wa mwisho, Tatu, alikuwa mgonjwa. Tope lilikuwa limemharibu tumbo, mbavu zote zinaonekana.

Mchezo wa kwanza ukaanza. Mbweha, mshambuliaji wa Mlimani, akaja mbio. Mama Ngiri akamzuia. Akaja tena, akamzuia. Akaja mara ya tatu, akamzuia. Kule mbele Swala akafunga moja, Bondeni wakashinda. Wakambeba Swala juu juu wakiimba:

"Swala ee, Swala,
mguu wako kisima!"

Jioni Tatu akauliza, "Mama, mbona wewe hufungi?"

"Mimi nazuia, mwanangu."

"Na mbona hawakuimbi?"

Mama Ngiri akamlamba sikio. Lakini neno lile lilimkaa moyoni kama mwiba.

Mchezo wa pili, mpira ukamfikia miguuni. Akajisemea, "Nifunge bao moja tu, mtoto afurahi." Akauburuta mbele.

"Mama Ngiri, rudi!" akaita Nyani.

"Nipe mimi, mama!" akaita Swala.

Hakusikia. Alikuwa akitazama kando ya uwanja, ambako Tatu alisimama kwa vile vimiguu vyake dhaifu, anacheka. Papo hapo Mbweha akamnyang'anya mpira. Nyuma hapana beki, amebaki Nyani peke yake. Mbweha akafunga, Mlimani wakashinda.

Mama Ngiri akaketi pembeni, machozi yanamtoka. Swala akamfuata.

"Nisamehe, mwanangu," akasema Mama Ngiri. "Nilitaka mtoto wangu anione."

Swala akapiga magoti. "Mama, mimi nikienda mbele sigeuki nyuma hata mara moja. Najua upo. Leo nimegeuka nisikuone, nikashindwa hata kukimbia."

Tatu, aliyekuwa amejikunyata ubavuni pa mama yake, aliyasikia yote. Akamlalia mama yake.

Mchezo wa tatu ukaja. Bondeni hawajafunga, Mlimani hawajafunga, jua linashuka. Mbweha akaona huyu beki hapitiki. Akajibanza nyuma ya kichaka cha pembeni, akaibana sauti yake.

"Mama! Mama, tumbo! Nakufa!"

Ilikuwa sauti ya Tatu kabisa. Mama Ngiri akageuza kichwa. Akitoka, Nyani anabaki peke yake langoni. Asipotoka, je, mtoto?

Swala akaona kutoka kule mbele. Akaacha kila kitu, akarudi mbio. "Nenda, mama! Nenda, hapa nasimama mimi!"

Mama Ngiri akaenda anahema. Akamkuta Tatu ameketi kati ya ndugu zake, anatafuna mzizi.

"Mimi sijaita, mama."

Huku uwanjani Mbweha alikwisha chomoka kichakani, akapewa mpira na wenzake, akapiga. Swala hakujua kuzuia, hakuwa amezuia hata siku moja. Lakini alisimama. Mpira ukampiga kifuani, ukamwangusha, ukatoka nje.

Korongo akapuliza kipenga. Kwa ile shingo yake ndefu alikuwa ameona hadi nyuma ya kichaka. "Sheria ya tatu! Mbweha, toka uwanjani. Bondeni, mpira wa adhabu."

Mama Ngiri akarejea uwanjani mbio. Swala akainuka, anajipangusa vumbi. "Piga wewe, mama. Mimi nakimbia."

Mama Ngiri akarudi nyuma, hatua moja, ya pili, ya tatu. Akapiga. Mpira ukaenda juu, ukaenda mbali, na Swala chini yake anakimbia bila kugeuka. Ukatua mbele yake, akafunga. Kipenga cha mwisho kikalia.

Asubuhi Bondeni wote wakajipanga kidimbwini. Maji yalikuwa yametulia, safi.

"Watoto kwanza," akasema Mama Ngiri. "Wa Bondeni na wa Mlimani."

Kwa mbali alisimama Mbweha, kichwa chini, mtoto wake amejificha nyuma ya miguu yake.

"Lete mtoto," akaita Mama Ngiri.

"Mama, niliiga sauti ya mwanao."

"Najua. Nilikasirika, na bado nina hasira. Lete mtoto kabla maji hayajatibuka."

Mtoto wa Mbweha akaja akinyata. Tatu akamsogezea nafasi. Wakainama, wakanywa bega kwa bega.

Basi wanangu, fundisho ndilo hili: anayefunga na anayezuia wanafanya kazi moja. Ukiwa mbele, mheshimu aliyekulinda nyuma, na siku akipatwa na jambo, rudi umshikie nafasi yake. Usishinde kwa hila. Na ukishinda kwa haki, usimnyime aliyeshindwa.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chachu, niachieni mwenyewe.