Mfarishi wa Nuriati

Leo nimewaletea kesi. Mashahidi wake wote wako hai, hakuna hata mmoja aliyesema uongo, na bado imetushinda mtaa mzima. Sikilizeni vizuri basi, maana mahakimu ni ninyi.

Huku kwetu milimani, Lushoto, wako watu watatu wenye vipaji vyao.

Wa kwanza ni Bi Namkunda. Kwa miaka thelathini alitengeneza batiki, akichemsha nta na kuchovya vitambaa. Sasa macho yake yameingia ukungu na kifua chake kina pumu, lakini pua yake haijazeeka. Mnusishe nta iliyo motoni, atakuambia kama ndiyo kwanza inayeyuka, kama imeiva, au kama inakaribia kuungua.

Wa pili ni Fundi Zawena wa cherehani. Akishona nguo huoni uzi ulipoanzia wala ulipoishia. Ana mdomo pia, ila huo si kipaji, tuuache.

Wa tatu ni Mzee Shekulwavu, dobi. Alikuwa akiisogeza pasi ya mkaa karibu na shavu lake, akajua papo hapo kama joto hilo ni la hariri au la kaki. Nasema alikuwa, kwa sababu siku ya harusi ya mpwa wake cheche iliruka ikatoboa kanzu ya bwana harusi kifuani. Mpwa alicheka, akavaa koti juu yake, yakaisha. Kwa Mzee hayakuisha. Aliifunga pasi kwenye gunia, na kwa miaka sita hakuifungua.

Sasa, katika shule yetu ya chekechea alikuwepo mtoto wa miaka mitano, Nuriati, ambaye moyo wake ulikuwa na tundu. Akikimbia hatua kumi, midomo inageuka rangi ya zambarau. Ikapatikana nafasi ya kumpasua Dar es Salaam. Alipoanza kulia kwamba huko atalala peke yake, Mwalimu Shelukindo aligawa vipande vya kitambaa cheupe cha pamba, kimoja kwa kila mtoto, pamoja na kreyoni.

"Mchoreeni mwenzenu," aliwaambia. "Atajifunika ninyi."

Wakachora. Kuku mwenye miguu mitano, jua lenye masharubu, simba wa njano wa mtoto aitwaye Kiluwa. Fundi Zawena akaviunga vile vipande, akatia sufi ya kiwandani ndani na flana chini, ukawa mfarishi mnene, mzuri kuliko chochote alichowahi kushona.

Asubuhi, siku moja kabla ya safari, tone la uji likaangukia mfarishi. Mwalimu akalisugua kwa kitambaa chenye maji. Uji ukatoka, na simba naye akatoka, nusu nzima.

"Simba wangu amekufa!" Kiluwa akapiga yowe, na darasa zima likaangua kilio.

Hospitalini kila kitu hufuliwa, tena kwa maji ya moto. Kwa ufuaji mmoja tu, Nuriati angebaki na kitambaa chenye madoa. Mwalimu akaubeba mfarishi mbio hadi kwa Bi Namkunda.

"Shikamoo, bibi. Rangi zinatoka."

"Marahaba. Nipe ninuse." Akanusa. "Hii ni nta, mwanangu. Imekaa juu ya uzi, haijaingia ndani. Weka karatasi nyeupe chini na juu, kandamiza kwa pasi ya moto. Nta itanyonywa na karatasi, rangi itabaki kwenye uzi. Lakini usiiburute pasi, utawachanganya kuku na simba." Kisha akaupapasa mfarishi, uso ukabadilika. "Ndani mna nini?"

"Sufi ya dukani."

"Hiyo ikipata moto itayeyuka kama mfuko wa plastiki. Lazima ufumuliwe wote."

Fundi Zawena alipoambiwa hivyo, alisema maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Siku mbili za kazi! Alikaa akiutazama mfarishi wake. Halafu akachukua wembe, akakata uzi wa kwanza, machozi yakimdondoka. Kufikia adhuhuri, vipande ishirini na tisa vyenye michoro vilikuwa vimelala mezani, hakuna hata kimoja kilichochanika.

Umeme nao ulikuwa umekatika tangu juzi, mvua ilipoangusha nguzo. Ikabaki pasi ya mkaa, na mkono mmoja tu wa kuaminiwa.

"Siwezi," alisema Mzee Shekulwavu walipomfuata nyumbani kwake. "Kanzu ilinunuliwa nyingine. Hivi vitanunuliwa wapi?"

Nuriati alikuwa amebebwa mgongoni na mama yake. Akasema, "Babu, mfarishi wangu ukiungua sitalia."

Mzee akaingia ndani. Alipotoka, alikuwa na gunia mkononi.

Basi wakakaa, yeye na Bi Namkunda, meza moja. Mzee anaisogeza pasi shavuni, anaikandamiza juu ya karatasi. Bi Namkunda ameinamia moshi wa nta, ananusa na kukohoa. "Bado... bado... ondoa!" Kipande kwa kipande. Mara mbili mwalimu alimsihi aondoke kwenye moshi ule. Mara mbili alijibu, "Nikiondoka, nani atanusa?" Kila kipande kilichopoa Fundi Zawena alikidaka na kukishona. Jua lilipozama, mfarishi ulikuwa mzima. Wakamwagia simba maji, nusu ile iliyobaki. Hakutikisika. Bi Namkunda aliugua kifua wiki mbili.

Nuriati alipasuliwa, akapona. Mfarishi ulifuliwa mara kumi na moja, na rangi zikabaki. Siku aliyorudi alikimbia kutoka barabarani hadi mlangoni, na midomo yake ilikuwa midomo ya mtoto yeyote.

Na hapo ndipo kesi ilipozaliwa. Mfarishi ulihitaji vipande thelathini, na watoto waliochora ni ishirini na tisa. Kimoja kilishonwa cheupe. Nuriati alishika kreyoni, akasema atamchora mtu mmoja: yule aliyemwokolea rafiki zake.

"Mimi huyo," alisema Fundi Zawena. "Wengine walitoa kazi. Mimi niliiua kazi yangu kwa mkono wangu, nikaifufua."

"Ungefumua kwa sababu gani kama nisingesema?" aliuliza Bi Namkunda. "Na pumzi niliyoitoa siku ile haijarudi yote."

Mzee Shekulwavu alikohoa kidogo. "Ninyi mlifanya mnachokijua. Mimi nilifanya ninachokiogopa."

Nuriati aliwatazama mmoja mmoja. Akamgeukia mama yake, mama akamgeukia mwalimu, na mwalimu akanigeukia mimi. Nami nawageukieni ninyi. Kipande ni kidogo, hakiingii nyuso mbili, na mtoto anangoja na kreyoni mkononi. Haya, ungekuwa wewe, ungemchora nani?