Kwa Nini Visiwa vya Moto Vimejipanga Kando ya Kilindi

Kabla maji ya bahari hayajafika, hapakuwa na kilindi wala kisiwa. Palikuwa na sakafu moja tambarare, na chini yake makaa ambayo hakuna aliyekumbuka yaliwashwa na nani. Juu ya sakafu hiyo waliishi majitu. Nafasi walikuwa nayo tele, na waligombania nafasi.

Jitu mmoja, Mwanakombo, alikuwa akimwoza binti yake, Mize. Alikuwa ameshafagia, amepika na kutandika mkeka wake mpana, na wakwe walishaonekana kwa mbali. Kwa desturi yao, wakwe wakifika wasipate pa kukaa, waligeuza na kurudi na bwana arusi wao.

Ndipo akaingia wifi yake, Salme, na mkeka alioufua asubuhi ile ile. Ulikuwa unachuruzika. Akasema mkeka wa upande wa baba hukaa juu. Mwanakombo akamwambia auanike kwanza. Salme akajibu kwamba wageni hawangoji jua, akaubwaga chini na kuusukuma.

Mkeka wa Mwanakombo ulikuwa mkavu na mwepesi. Ule wa Salme, kwa uzito wa maji, ulipinda, ukapenya chini yake na kuteremka hadi kwenye makaa. Pale ulipopinda pakabaki shimo refu ajabu.

“Wifi, umeingia chini.”

“Sijaingia chini. Nausawazisha,” akasema Salme, akasukuma tena.

Maji yakakutana na makaa. Mvuke ukapanda, ukautoboa mkeka wa juu matundu mstari mzima, nyuma kidogo ya shimo. Moshi ukatanda. Wakwe wakasimama njiani, na baba mkwe akauliza kama nyumba inaungua.

Mwanakombo hakuwa na muda wa kulia. Alivuta vyungu vyake, akaweka kimoja juu ya kila tundu.

“Haiungui,” akasema. “Tunapasha wali. Karibuni mkae.”

Wakakaa. Mize akaolewa, na wali ulikuwa wa moto, jambo ambalo halijawahi kutokea katika arusi ya ukoo ule.

Baadaye bahari ikaja, ikafunika mikeka na kulijaza shimo, vyungu vikabaki vimechomoza. Na tangu siku hiyo visiwa vya moto hukaa mstari mmoja kando ya kilindi, vikifuka, na mara nyingine kufurika. Nchi ikitetemeka, ujue Salme amesukuma kidogo. Mize ameshapata vitukuu, na shangazi yake bado anasema mkeka wake ndio ulio juu.