Zamu ya Mwinyi Shomvi

Mwinyi Shomvi alikuwa na desturi moja: kitu chochote kilichosimama kwenye ardhi yake kilikuwa chake. Basi siku Bi Somoe, fundi cherehani aliyepanga kwake, aliposimamisha paneli ya sola uani, Mwinyi alifika kabla ya chai.

"Ardhi ni yangu, kwa hiyo sola ni yetu sote," alisema. "Tutapeana zamu, mchana na usiku."

"Haya, Mwinyi. Ila naomba usiku uniachie mimi," Bi Somoe alisihi. "Taa naihitaji gizani."

Mwinyi alicheka moyoni. Hata jenereta lake aliliwasha magharibi tu; nani anawasha taa mchana?

"Usiku ni wangu. Wewe chukua mchana."

Bi Somoe akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akakubali mbele ya majirani. Alasiri Mwinyi akaliuza jenereta.

Magharibi akaibeba paneli, akaipandisha kwenye paa lake, akaunganisha nyaya, akaketi sebuleni kungoja mwanga. Hadi isha alikuwa bado gizani. Akatoka amefura, akaona dirisha la Bi Somoe liking'aa.

"Wee Somoe! Sola ninayo mimi, hiyo taa yako inawakaje?"

"Kwa betri, Mwinyi," alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Niliijaza mchana, kwenye zamu yangu. Kwani mwezi wako haujatoka?"